Mkono Kwenye Swichi ya Kulia

Taa nyekundu iliwaka dakika ya arobaini ya safari, na mimi sikuhisi kitu. Oili ya injini ya kushoto ilikuwa inashuka kwa kasi. Nyuma yetu abiria sabini na wawili walikuwa wanamalizia soda zao.

Kapteni tulimwita Taratibu, maana hata chai huinywa kana kwamba kuna orodha ya kufuata. Miaka minne nimekaa kiti cha pembeni yake, rubani msaidizi. Kabla ya kuzima injini angani tunagawana kazi: mmoja anashika swichi, wa pili anaiangalia kwa macho yake mwenyewe, kisha anasema, "Ndiyo hiyo." Hapo tu ndipo inazimwa. Mazoezini nimeyasema maneno hayo mpaka yamekuwa kama kumeza mate.

"Nazima ya kushoto," alisema Taratibu, akashika.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Hakuizima. Ndipo nilipoutazama mkono wake. Ulikuwa umeshika swichi ya kulia, ya injini nzima, ile iliyokuwa inatubeba.

"Siyo hii," alisema mwenyewe, akauhamisha. "Hii?"

"Ndiyo hiyo." Safari hii niliangalia, lakini sauti yangu ilikuwa ileile.

Tukatua kwa injini moja, ndege ikivuta upande kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. Abiria wakapiga makofi. Mhudumu wetu mkuu, tunayemwita Shangazi, aliingia akanikumbatia huku analia. Nikampigapiga mgongoni nikiwaza kama nguo nilizoanika nyumbani zimekauka. Nilisubiri woga uje, hata kwa kuchelewa. Wapi!

Ofisini kwa mkuu wa marubani feni ilikuwa inakoroma. Mezani palikuwa na fomu ya kunipandisha niwe kapteni, inangoja saini ya Taratibu tangu Jumatatu. Bila saini yake hakuna kitu. Na mama yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alikwishawatangazia majirani.

Taratibu hakupunguza neno. "Nilishika swichi ya kulia. Kosa langu. Ningeizima, tungebaki bila injini hata moja."

Mkuu akashusha pumzi. "Mungu mkubwa. Mwenzako ndiye aliyekushtua?"

"Muulize mwenyewe."

Mkuu akanigeukia, tayari anatabasamu. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua pia kwamba kinasa sauti cha ndege kimehifadhi kila neno, na wiki haitaisha kabla hakijasikilizwa. Hata hilo halikunigusa. Ndani yangu palikuwa pamekufa ganzi kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno.

"Ndiyo," nikasema, macho makavu. "Nilimshtua."

Taratibu alikuwa ameshatoa kalamu. Aliniangalia bila hasira; hasira ningeiweza. Kalamu ilibaki juu ya fomu, haishuki.

"Mimi nilikosea mkono, mwanangu," alisema. "Nikauhamisha. Na wewe nakupa nafasi hiyohiyo. Sema tena."

Mkuu akamtazama yeye, akanitazama mimi. Sekunde zilikuwa nyingi, za kutosha kabisa. Nikasikia sauti yangu, tulivu, ile waliyoisifu tangu chuoni.

"Nilimshtua mimi."

Taratibu akaifunika kalamu yake, akairudisha mfukoni, akatoka.