Sukari Haina Kosa

Mkufunzi kutoka chuoni aliketi dawati la nyuma kabisa la maabara, fomu yangu ya tathmini juu ya goti. Muhula uliopita alinifelisha na kuandika, "Sauti haifiki." Nikifeli tena leo, mazoezi ya kufundisha yamekwisha, na ualimu nao kwaheri.

Tulimtarajia saa nne. Alifika saa mbili, na mimi nilikuwa na siri ndani ya chupa.

Jana alasiri nilibaki maabara peke yangu nikirudia jaribio la leo. Nililifanya mara saba, na kila mara nilisuuza bika kwa maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Mara ya saba chupa ikawa tupu. Mama Mizani, mtunza maabara, huyapima maji hayo kama dawa ya mtoto, nikaona haya kumwambia. Nikaijaza chupa maji ya bomba na kuirudisha kabatini. Kesho nitanunua mengine, nikajisemea, kabla hajaigusa.

Nilinunua kweli. Lakini nilipoingia asubuhi na chupa mpya mkobani, nilimkuta Mama Mizani ameshapanga mabika mezani, ile chupa ya kabatini wazi kando yake.

"Mgeni wako kawahi, mwanangu, nikakuandalia. Sukari hii, chumvi ile. Wewe kafundishe tu."

Ningesema palepale. Mkufunzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Asante, mama," nikasema.

Basi nikaunga saketi: betri, ameta, vijiti viwili vya kaboni. Waya ukaniponyoka mara mbili.

"Sukari huyeyuka, lakini haitoi ioni," nililiambia darasa. "Bila ioni hakuna wa kubeba mkondo wa umeme majini. Kwa hiyo mshale wa ameta utafanya nini?"

"Utalala!"

Nikavitumbukiza vijiti kwenye bika la sukari. Mshale ukainuka, ukasimama kwenye alama ya nne.

"Mwalimu, mbona umeamka?"

"Umeonja utamu huo!"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. "Nani aliandaa mimumunyo hii?"

"Mimi," alisema Mama Mizani kutoka kwenye sinki. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alimwambia macho yake yamechoka, na kosa moja zaidi atatafutwa mwingine. "Labda nimechanganya vijiko. Macho haya…"

Hakuwahi kuchanganya kijiko tangu aanze kazi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza nakujua tangu utotoni.

"Hakuchanganya," nikasema.

"Sauti haifiki," alisema mkufunzi.

"Hakuchanganya!"

Hata mimi nilishtuka. Nikamimina maji ya chupa ya kabatini kwenye bika safi, bila sukari, nikapima. Nne ileile. Nikasuuza vijiti na bika jingine kwa maji ya chupa mpya ya mkobani, nikamimina mengine humo, nikapima. Mshale ukalala. Nikatia sukari, nikakoroga. Ukaendelea kulala.

Msichana wa dawati la mbele akapiga meza. "Kumbe sukari haina kosa!"

"Haina. Maji ya bomba yana chumvichumvi zake, na hizo ndizo zilizobeba mkondo." Nikaweka vijiti mezani. "Niliyamaliza maji safi jana, nikajaza ya bomba, nikaogopa kusema. Mama aliyatumia bila kujua."

Nikatia chumvi kwenye maji safi, kijiko kimoja, mshale ukapanda. Cha pili, ukapanda zaidi. Wakaanza kusimama kwenye viti ili waone, nami sikuwa na moyo wa kuwakaripia.

Kipindi kilipokwisha, mkufunzi alinikabidhi fomu akaondoka. Maandalizi: sifuri. Chini yake: "Sauti imefika." Jumla hamsini na moja. Kufaulu ni hamsini. Nilisoma mara tatu.

Mama Mizani alikuwa akiosha bika, amenipa mgongo.

"Mama, nisamehe."

"Yakiisha, sema yameisha." Hakugeuka. "Ungeniumbua mbele za watu kwa kijichupa cha maji."

"Najua, mama."

Aliosha mabika mawili zaidi. Kisha akanyoosha nyuma mkono uliolowa, nikampa ile chupa mpya. Akaiinua dirishani, akaiangalia kwa jicho moja, akachukua kalamu na kuchora mstari mwembamba pale maji yalipofikia. Akairudisha kabatini, na mlango wa kabati akaniachia wazi.