Tone Tamu la Wageni wa Mwaloni

Dola ya Mwaloni ilikuwa mti mmoja tu, lakini kwa sisimizi waliozaliwa humo ilikuwa dunia nzima. Malkia alikaa ndani ya shina, askari wakashika matawi, na Bi Mlezi akalea watoto wa dola chini ya gome. Kila mmoja aliijua kazi yake, mpaka walipokuja vidukari.

Walitoka ng'ambo, wanene, wapole wa sura. Walidunga majani, wakafyonza utomvu, na nyuma wakatoa tone tamu. Malkia alilionja mara moja tu, akapagawa. Ikapigwa mbiu: wageni wabebwe kila asubuhi hadi kwenye jani bichi, na atakayewabughudhi akatwe vipapasio. Tena barazani hakuna kusema kabla ya kulamba tone. Eti heshima kwa mgeni! Heshima gani hiyo, jamani? Aliyekwisha kulamba atalalamika nini?

Majani yakageuka manjano. Gome likabanduka, jua likapenya, na watoto wa Bi Mlezi wakaanza kukauka mmoja mmoja. Aliwalilia hadi machozi yakamwishia, ikabaki hasira. Akapiga moyo konde, akaenda barazani.

"Lamba kwanza, bibi," alisema Waziri, akimsogezea tone.

"Silambi."

Waziri akalisogeza tone karibu zaidi.

"Unamdharau mgeni wa Malkia?"

"Mgeni gani, Waziri? Anainyonya nyumba yetu, nasi tunalamba kinyesi chake na kushukuru! Mti unakufa. Watoto wanakufa. Malkia wangu, heshima yako iko pale pale, lakini hili silikubali, ng'o!"

Malkia akacheka. "Manjano ni dalili ya neema, Mlezi. Wataalamu wangu wamethibitisha. Haya, mkateni."

Askari wakamkata vipapasio. Alitoka akipepesuka, akaenda moja kwa moja kwa wabebaji, akawaonyesha kichwa chake kitupu.

"Wanaokauka kule ni wadogo zenu," aliwaambia. "Kesho msimpige mtu, msimtukane mtu. Msibebe tu."

Asubuhi vidukari wakakaa kwenye majani makavu wakingoja kubebwa. Kutembea walishasahau. Njaa ikawabana, tone likakatika. Waziri, mate yakimtoka, alijaribu kumwinua mmoja, wakaanguka chali wote wawili. Wabebaji wakaangua kicheko, na tangu mbiu ile ipigwe hapakuwa pamesikika kicheko mtini ila cha Malkia.

Malkia mwenyewe akatoka shinani, akifoka: "Wabebeni!"

Hakuinama hata mmoja. Askari wakatazama chini.

"Wabebe wewe, Malkia," alisema Bi Mlezi. "Sisi tuna watoto wa kubeba."

Akageuka, akipapasa njia kwa miguu, akaingia chini ya gome na kutoka na mtoto mdomoni. Wabebaji wakamfuata, kila mmoja na wake. Wakampita Malkia bila kusujudu, wakapanda kuelekea tawi lililobaki na kijani.