Ukuta Usiopitisha Upepo

"Hata moja! Umesikia, Feliksi? Tofali langu hata moja huligusi!"

"Baba, nataka mawili tu. Moja chini, moja juu, hewa ipite."

"Oya! Nimesema hapana, oya kabisa! Weka hiyo tindo chini."

"Kwa hiyo bora mama afe, ukuta upone?"

Neno lilimtoka Feliksi kabla hajalipima, na likishatoka likakaa pale sebuleni kama mgeni asiye na adabu. Baba yake, Mzee Minani, mwashi ambaye nyumba nyingi za maana pale Mwandiga zilipitia mikononi mwake, aliitazama tindo mkononi mwa mwanawe. Aliyejibu ni mama, kutoka kwenye kiti alichowekewa karibu na mlango, kajizungushia blanketi juu ya vitenge viwili.

"Mimi nipo hapa nasikia. Mkifika kwenye kuchimba kaburi mniambie, nikavae viatu."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka wote.

Asubuhi ile walimkuta mama yake, Goreth, kaduwaa mbele ya hita ya gesi, macho nusu wazi, ulimi mzito, anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Wakambeba mpaka barazani, mvua ikimrushia matone usoni, na baada ya muda akauliza kwa nini wanamlowesha kama mchicha. Baba akasema malaria. Feliksi akasema hita. Nesi Ziada, jirani yao, alikuja na mwavuli wake, akampima, akasema malaria hana. Akae penye hewa, kichwa kisipotulia mpaka mchana apelekwe hospitali, na kile chumba kisiwashwe moto tena kikiwa kimefungwa namna ile, maana moto hula hewa hata usipotoa moshi. Alipoondoka tu, Feliksi akaichukua tindo ya baba yake pale inapotundikwa.

Ile hita ilikuwa fahari ya Feliksi. Mwaka mzima kamaliza kidato cha nne, cheti kimelala sandukuni, miguu inamwasha, hajui aiweke wapi. Alipata kibarua cha kufyeka majani kule mjini, kwa mama mmoja mzungu wa shirika la misaada, na yule mama alipohamishwa akaanza kugawa vitu. Wenzake waligombea viti na redio. Yeye akaomba hita, na mtungi wake. Akaifunga kwenye keria ya baiskeli, akapandisha nayo vilima mpaka Mwandiga, watu wakimzomea njia nzima.

"We bwana! Kigoma hii ya jasho unapeleka moto wa kuota? Feni zimeisha?"

Aliwaacha wacheke. Hawakuyajua magoti ya mama yake wakati wa masika, wala vile vidole vinavyojikunja mpaka mwiko unamdondoka. Hawakujua pia kwamba tangu kambi za wakimbizi zijae tena watu kutoka Burundi, vilima vilikuwa vimenyolewa. Mwanamke anatoka kutafuta kuni alfajiri, anarudi adhuhuri na vijiti viwili na matusi ya wenye mashamba. Siku ya kwanza hita ilipowaka, mama alivikunjua vidole kimoja kimoja mbele ya ule wekundu, akavitazama kama vimerudi kutoka safari. Baba alivuta kiti tu, akakaa mpaka usingizi ukamchukua. Kwa Mzee Minani hizo zilikuwa sifa za kutosha.

Nyuma ya hita palikuwa na karatasi yenye picha ya dirisha na mshale. Feliksi aliisoma, akafungua dirisha. Baba akalifunga. Feliksi akafungua. Baba akalipigilia msumari.

"Kule kwetu Mugamba, Burundi, moto ulikaa katikati ya nyumba," alisema siku ile. "Tulifungua kwa ajili ya moshi. Huu una moshi? Hauna. Sasa dirisha la nini? Tuipashe mvua joto?"

Feliksi aliitazama hita. Moshi kweli haukuwepo. Akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikokuwa kunamtafuna sasa, kuliko hata maneno aliyoyasema.

"Tung'oe ule msumari basi," alijaribu tena, kwa sauti ya chini.

"Dirisha linatazama mvua inakotoka. Unataka magoti yake yalowe?"

"Ndiyo maana nasema matofali mawili! Upande wa pili, mvua isikofika."

Mzee Minani alikaa kwenye stuli. Ghafla alionekana mzee kweli. "Unajua mwaka sabini na mbili, tulipokimbia Burundi, tulilala wapi? Turubai. Upepo unaingia huku, unatokea kule, kama uko sokoni. Dada yako Leonia alizaliwa humo, tukimkinga kwa migongo yetu. Nikajiambia, nikipata mahali pa kusimama, nitajenga ukuta ambao upepo ukifika utageuza njia. Watu wananiita mkimbizi mpaka leo, waache waite. Wakipita hapa wanasimama kutazama. Leo wewe, na kidato chako, unataka kuutoboa?"

"Kila ukuta una ufa, baba. Hewa inapita tu mahali. Nikipajua, nitapanua hapo hapo, sitavunja kitu."

Mzee alisimama. "Wa kwangu? Una ufa?" Akachukua kibatari mezani, akakiwasha, akamsukumia. "Tafuta! Ukiupata, toboa, sitasema neno. Ukikosa, tindo yangu unaitundika pale ulipoitoa."

Hita na mtungi vilikuwa barazani tangu asubuhi. Waliufunga mlango kwa muda, mwali wa kibatari utulie, utikisike penye ufa tu, na Feliksi akaanza kutafuta. Alianza kwa hasira, kwa haraka, akikiburuza kibatari kando ya ukuta kama anayefuta ubao. Mwali haukutikisika. Akapanda juu ya meza, akafika pale bati linapokutana na ukuta, mahali ambapo nyumba zote alizowahi kuingia huonyesha mwanga wa nje. Pamezibwa, pamesuguliwa, laini kama mdomo wa chungu. Akashuka. Akapita kwenye fremu ya dirisha, akapita pembeni. Mwali umesimama tu, kama umeambiwa.

Kasi ikampungua. Aliyaona sasa mambo ambayo kwa miaka yote aliyapita akikimbilia kwingine. Mistari ya udongo baina ya matofali ilikuwa upana wa kidole, mmoja baada ya mwingine, bila kulegea. Akalivuta kabati, akainama nyuma yake, mahali ambapo hakuna mgeni angewahi kupaona, akitegemea angalau huko mzee alichoka. Mzee hakuwa amechoka. Kule nyuma ya kabati, gizani, ukuta ulikuwa umepangwa kwa heshima ile ile ya mbele. Feliksi aliuwekea kiganja.

"Vipi, fundi?" baba aliuliza. "Umepata?"

"Hakuna."

"Sema kwa sauti, mama yako asikie."

"Hakuna ufa, baba." Akainuka, magoti yana vumbi. "Hata wa sindano. Nimeingia nyumba za wakubwa kule mjini, kuta zao zote zinavuja upepo. Nyumba ya mtu mwingine mama angeamka anaumwa kichwa tu. Hii haikumwachia hata..." Alizima kibatari. Akaichukua tindo, akailaza mezani, mpini ukimwelekea baba yake.

Mzee Minani aliitazama ile tindo, akamtazama mkewe.

"Baba Leonia," alisema mama, "hizo sifa umezisubiri miaka mingapi? Zimefika. Sasa nitobolee, nipumue."

Mzee alicheka puani, kicheko kidogo alichojaribu kukificha. Akainyanyua tindo, akapitisha dole gumba kwenye makali.

"Ulivyokuwa umeishika, ungevunja kumi kupata mawili."

Akauendea ukuta wa upande wa pili wa mvua. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Akapita tofali moja, akapita la pili. Kwenye la tatu akasita. "Hili nililiweka siku uliyozaliwa. Hili liache." Akahamia la jirani. "Hili." Nyundo ikagonga mara moja, polepole, na vumbi jembamba likateremka kwenye mstari ulionyooka.

"Nenda nje," alisema bila kugeuka. "Simama usawa wangu, ulipokee kwa mikono miwili. Linatoka zima. Likikudondoka, nitajua nimezaa mtu gani."

"Litanidondoka vipi?"

"Maneno hayo. Nenda."

"Na mlango, mwana wanje, funga mwanangu," mama alisema, akivuta blanketi. "Miguu yangu."

Feliksi aliikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akatoka kwenye mvua, akaufunga mlango nyuma yake.