Druidi Asiye na Mkubwa

Haya nilisimuliwa na Arlys, mkewe Verlyn, mwaka ule theluji ilipokataa kuyeyuka hata baada ya Pasaka, tukiwa jikoni mwa kanisa tunamenya viazi vya chakula cha msiba. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini yaliyotokea yalimpata mumewe, kwa hiyo nitakaa upande wa mumewe.

Verlyn alikuwa muosha matangi katika kiwanda cha jibini, huku kwetu Wisconsin. Ni kazi ya maji ya moto na brashi ndefu, na ukirudi nyumbani unanuka maziwa hata ukijisugua vipi. Nyapara wake alikuwa Selmer, mdogo wake Arlys, mtoto ambaye Verlyn alimwona akivaa kaptula. Selmer hakujua neno tafadhali. Alipiga mluzi, akaonyesha tangi kwa kidole, akaenda zake. Hata Krismasi, kwa mama mkwe, Selmer ndiye aliyekata nyama mezani, na Verlyn akatumwa kupasha mikate. Wiki nzima, basi, alikuwa mtu wa kupigiwa mluzi.

Ila Jumapili! Jumapili baada ya ibada yeye na Selmer waliteremka chumba cha chini nyumbani kwa Dewey, muuza mbegu, wakakaa kucheza mchezo wa dadu na hadithi. Dewey ndiye mwendeshaji: anaeleza nchi ilivyo na adui anatokea wapi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, kaandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na silaha zake. Mtu wa Verlyn alikuwa druidi, yaani kuhani wa msituni, anayesema na miti na kujigeuza dubu akipenda. Tena si druidi hivi hivi. Alikuwa Druidi Mkuu wa Msitu wote wa Magharibi, na karatasi yake ilimpa madruidi kumi na wawili wa kumtumikia.

Kitabu cha mchezo kilisema Mkuu ni mmoja tu, na anayekitaka kiti ampige aliyekikalia mpaka amng'oe. Selmer alikuwa druidi mdogo. Alishajaribu kumng'oa, dadu likamwangusha. Kwa hiyo kila Jumapili nyapara alipiga goti, goti la kweli kabisa, juu ya zulia la Dewey, akaomba ruhusa ya kuchuma majani. Verlyn alikuwa akimwacha pale chini kidogo, anakohoa, anatafuna jibini, ndipo anajibu. Goti lile ndilo lililomfikisha Jumapili nyingine.

Sasa Jumapili moja ya Februari akaja mwanamke, Marvene, dereva mpya wa basi la shule, mjane, mgeni mjini. Alibeba bakuli la viazi vya kuoka na karatasi ya mtu wake, imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa.

"Karibu, dada," Dewey akasema. "Una nani hapo?"

"Druidi," Marvene akasema, akivua viatu vya theluji. "Nimecheza naye muda mrefu kule nilikotoka."

Verlyn akajinyoosha kwenye kiti. "Vizuri. Uko chini ya nani?"

"Chini ya nani kivipi?"

"Mkubwa wako nani, mama? Kila druidi ana mkubwa."

"Wangu hana. Ni wa kuzunguka. Leo hapa, kesho mlima ule."

"Mzururaji," Verlyn akasema.

"Haya, mzururaji. Naweza kukaa?"

Dewey akafungua kitabu, akalamba kidole, akasoma kimoyomoyo. "Anasema kweli, Verlyn. Wapo. Hawamo kwenye ngazi ya vyeo. Wanamsikiliza Baba wa Madruidi Wote peke yake."

"Na huyo yuko wapi?"

"Ng'ambo ya bahari. Hakuna anayemcheza."

Verlyn akamtazama Selmer, akamwona anamtazama mgeni kwa jicho jipya.

"Tuendelee," Dewey akasema. "Majitu yamefika ukingoni mwa msitu na mashoka. Mnafanyaje?"

"Subiri kwanza," Verlyn akasema. "Jambo hili lazima liwekwe sawa. Akiingia msituni mwangu, ananisalimia kwanza au hanisalimii?"

"Nitakusalimia tu, baba, nimelelewa," Marvene akasema.

"Siyo salamu hiyo. Ya goti."

"Goti langu lina baridi yabisi."

"La druidi wako!"

"Na yeye pia. Tumezeeka pamoja."

Dewey akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Verlyn hakucheka. Akauliza kama mzururaji anaruhusiwa kunywa maji ya mto wa msitu bila kibali. Akauliza kwenye baraza atakaa wapi, mbele ya nani, nyuma ya nani, na akifa azikwe upande upi wa mti. Alitoa kalamu akachora ngazi, kisha akachora kijisanduku pembeni cha kumweka Marvene, kisha akaona kijisanduku kimekuwa juu kuliko cha Selmer, akakifuta, akakichora upya. Dewey alikuwa akirusha dadu taratibu nyuma ya kijiwambo chake cha karatasi. Baada ya kila mrusho aliweka alama kwenye ramani. "Misonobari ya mashariki imeanguka," alisema. Hakuna aliyegeuza shingo.

Ndipo Selmer akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho keshaamua kukinunua: "Dewey, mtu anakuwaje mzururaji?"

"Anaacha cheo, anatangaza. Basi."

"Hahitaji ruhusa?"

"Ya nani sasa? Si ndiyo maana yake."

"Basi natangaza," Selmer akasema, akanyoosha miguu yake mirefu chini ya meza mpaka ikagusa ya Verlyn. "Mimi ni mzururaji. Hujambo, shemeji."

"Huwezi!" Verlyn akaruka. "Wewe una wajibu! Una kiapo! Msitu unavamiwa!"

"Mwambie Baba wa Madruidi Wote. Ng'ambo ya bahari."

Verlyn akashika kichwa. Halafu uso ukamng'aa, maana alikuwa amepata wazo, na mawazo yake yote yalikuwa ya namna moja. Alipendekeza kiundwe Chama cha Wazururaji, kiwe na daftari na alama ya kuvaa begani, na Mkuu wa Msitu awe mlezi wake. Ungetegemea Selmer akatae. Selmer aliuliza mwenyekiti atakuwa nani.

"Mimi nafaa," Selmer akasema.

"Umeanza kuzurura sasa hivi," Marvene akasema. "Hata viatu havijachafuka."

"Cheo si miaka, dada. Ni uwezo wa kuongoza watu."

"Kuwaongoza waende wapi? Si wazururaji?"

"Lazima wazurure kwa utaratibu!" Selmer akafoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwao yeye na shemeji yake wakaitikiana kwa vichwa.

Marvene alikula kiazi kimoja. Kisha akavuta kiti mpaka kwa Dewey. "Bwana, hayo majitu yako wapi?"

"Katikati ya msitu sasa. Yanakula chakula cha mchana juu ya magogo."

"Druidi wangu anakwenda."

"Peke yake?"

"Unaona mwingine?"

Akaenda. Aliita mvua ya mawe, dadu likamkubalia. Alijigeuza dubu, akaangusha majitu mawili, la tatu likampasua bega. Aliomba mizizi iyakamate miguu, ikayakamata, ila mengine yalikuwa yanakuja, na karatasi yake ilikuwa na nguvu za kushika pigo moja au mawili tu. Verlyn alikuwa anaangalia. Alisahau hata ngazi yake, kwa muda kidogo. Ulikuwa mchezo mzuri.

"Verlyn," Marvene akasema bila kumtazama, "una madruidi kumi na wawili pale kambini, wanaota moto tu. Nitumie hao. Msitu utapona."

Dewey akashika dadu hewani. Verlyn alijua kwamba ni kweli, msitu ungepona. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaiona miguu ya Selmer, imenyooka palepale, haijali.

"Omba kwa utaratibu," akasema.

"Tafadhali, Verlyn."

"Tafadhali nani?"

Marvene akamgeukia sasa, akamtazama jinsi anavyotazama kwenye kioo cha basi mtoto anayerusha chakula. Akakunja karatasi yake.

"Druidi wangu anakuwa korongo," akamwambia Dewey. "Anaruka. Kuna misitu mingine." Akavaa viatu, akawaachia viazi, akapanda ngazi za nyumba, zile za mbao, na mlango wa juu ukafungwa.

Dewey akarusha dadu mara nyingine, kwa heshima tu. "Basi. Msitu wa Magharibi umekwisha."

"Wote?"

"Mpaka vichaka."

Verlyn akasafisha koo. "Lakini hakuna aliyenishinda. Bado mimi ni Mkuu."

Dewey akatazama kitabu, mtu mwaminifu yule. "Bado wewe ni Mkuu."

"Na madruidi wangu?"

"Hawana msitu. Wametawanyika. Sasa wote ni wazururaji."

Selmer alikuwa anavaa koti. "Kesho wahi, shemeji," akasema. "Tangi la maji ya jibini linanuka." Wala hakungoja jibu.

Verlyn alibaki akimuuliza Dewey habari za visiki: kisiki chenye mizizi hai kinahesabiwa kuwa mti au hakihesabiwi? Dewey alisema kitabu hakisemi, na kwamba mkewe anamwita. Hakuna aliyekuwa anamwita.

Nyumbani Arlys alikuwa ameshakula. Alimpa supu, akamwambia apande kitandani mapema, kwa sababu ya zamu ya alfajiri.

"Mmeshinda?" akamuuliza wakiwa kitandani.

"Sikushindwa."

"Na yule mama wa basi? Nilitaka umwambie aje kula kwetu, yuko peke yake."

Verlyn akageukia ukuta. "Hana mahali," akasema. "Tulijaribu kumtafutia mahali, Arlys, tukajaribu mchana kutwa, hataki. Watu kama wale huwezi kuwasaidia. Sasa sikiliza, kisiki, kama mizizi yake bado..."

"Zima taa, Verlyn."

Akazima, akaendelea gizani: kisiki huchipua, na kikichipua huwa ni mti mdogo, na mti mdogo lazima uwe chini ya mtu, na huyo mtu... Sauti ikalegea, ikageuka mkoromo. Arlys akangoja kuona kama itarudi. Haikurudi. Akacheka kidogo kwenye mto, akajivutia blanketi upande wake, akalala.