Ngoma ya Nyuma ya Mlango

Nasra alipigiwa makofi mpaka mabati ya ukumbi yakataka kung'oka, na tangu siku ile hajainua uso wake sawasawa. Ukimwona leo Mwembesongo anapita kandokando ya kuta, usidhani anaringa. Watu wanasema anaringa. Waache waseme, watu wa mji huu midomo yao haina pazia. Mimi nitakusimulia ilivyokuwa, ila kuna mahali nitanyamaza, na ukinidadisi hapo tutakosana.

Magdalena Severin unamjua. Kama humjui, basi wewe si wa Morogoro, au umezaliwa juzi. Ndiye yule mwimbaji aliyeshuka milimani na tenga la kabichi kichwani, akaingia kwenye bendi ya mjini kuitikia tu, na baada ya miaka mitatu picha yake ikawa imebandikwa kwa kila kinyozi wa Msamvu. Alipotimiza miaka kumi kaburini, ikaundwa kamati ya kumkumbuka. Mwenyekiti wake, Abdulmajid, mtu wa suti na haraka, akamwita Nasra, mnenguaji mwenye jina lake mjini, akamwambia atunge ngoma ya kucheza peke yake: maisha yote ya Magdalena kwa dakika kumi na mbili.

Nasra akatunga. Akacheza kushuka mlima na tenga, akacheza jukwaa la bendi, akacheza ugonjwa wa mwisho kitandani. Abdulmajid alikuja mazoezini, akatazama yote, akakuna kidevu.

"Dada yangu, mbona kama unasoma risala msibani? Huyu mama katoka wapi? Kalelewa na nani? Hapa namwona amekuja mjini, simwoni alikotoka."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Kesho yake Nasra akaenda Bigwa, kwa Bibi Catherine, mdogo wake Magdalena, ndugu pekee aliyebaki hai.

Huyu bibi ni mtu wa namna yake. Jumapili yuko misa ya kwanza, Jumatatu yuko kwenye matuta ya karoti, na binti wa ukoo akivunja ungo, yeye ndiye kungwi wa kumcheza, yaani kumweka ndani na kumfundisha mpaka siku ya kutolewa. Padri anajua, na anajifanya hajui. Wameshazoeana.

Nasra alikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alimsaidia kupalilia huku anasikiliza habari za Magdalena: alivyoogopa vyura, alivyoimba akipalilia hadi majirani wakasahau majembe. Siku ya nne Bibi Catherine akasimama, akajishika kiuno.

"Na wewe, ulichezwa na nani?"

Nasra akatazama chini. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Amelelewa na baba, dereva wa malori, leo chumba hiki cha kupanga, kesho kile. Nani angemcheza?

"Sikuchezwa, bibi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Jamani! Mtoto wa Kiluguru, mtu mzima na matiti yake, hajafundishwa! Wewe ni chungu kisichochomwa. Mvua moja tu unarudi udongo."

Basi akamtuma mwanawe Abeid dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo tele. Akafunga mlango, akatandika mkeka. Siku tatu mfululizo Abeid alitumwa chumvi. Ndani mle Nasra alifundishwa anachofundishwa mwali, na siku ya mwisho akafundishwa ile ngoma ambayo mwali huicheza mara moja tu, mbele ya kina mama, kabla mlango haujafunguliwa. Ilikuwaje? Nilishakuonya.

"Hii aliicheza dada yangu, na mimi niliicheza," Bibi Catherine alisema. "Haioni mwanaume, wala mwanamke ambaye hajafundishwa. Sikupi ukaichezee watu. Nakupa kwa sababu huna mama."

Nasra alilia kwa kwikwi. Akaapa. Na alipoondoka hakusema "kwaheri, bibi," alisema "kwaheri, mama," na yule mzee akaitika. Ilikuwa miaka kumi na minane Nasra hajamwita mtu jina hilo.

Sasa nisikilize. Mtu aliyepewa kitu namna hiyo, akirudi nyumbani anakificha. Huyu wetu alirudi nyumbani akalala na ngoma yake isiyokuwa na moyo, na moyo wenyewe ameshaonyeshwa. Siku mbili alijikaza. Siku ya tatu akaanza kujidanganya: atabadilisha mkono kidogo, ataifupisha, nani atajua? Si ni heshima kwa Magdalena mwenyewe? Akaiingiza mwishoni. Na kila alipoifanyia mazoezi, alikuwa anainuka kwanza kufunga mlango wa ukumbi. Mtu anayefunga mlango anajua anachofanya. Usije ukaniambia hakujua.

Siku ikafika. Ukumbi umefurika, wanaume kwa wanawake, wamesimama mpaka madirishani. Mstari wa mbele amekaa Bibi Catherine na kanga mpya, na wenzake saba kutoka milimani, wazee kama yeye. Aliwaleta mwenyewe waje wamwone mwanawe. Ndivyo alivyowaambia: "Mwanangu."

Nasra alicheza tenga, watu wakapiga vigelegele. Akacheza bendi, vijana wakapiga miluzi. Akacheza kitanda cha ugonjwa, ukumbi ukawa kimya. Kisha akainuka kutoka kile kitanda, kana kwamba Magdalena anakumbuka usichana wake, na akaanza ile.

Hakufika mbali. Aliona wale wazee wanainuka wote kwa pamoja. Bibi Catherine ndiye aliyetangulia, goti bovu na yote, akapanda ngazi za jukwaa huku anafungua kanga yake ya juu. Wakamzunguka Nasra, wakanyoosha kanga zao mikono juu, wakamziba pande zote asionekane. Nyuma ya zile kanga alibaki amesimama katikati, jasho linamtiririka, wazee wanane wamempa migongo. Hakuna aliyemtazama. Bibi Catherine alisema bila kugeuka, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, umetuvua nguo."

Nje ya kanga ukumbi ulilipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo! Abdulmajid alikuwa analia na leso mkononi, anasema hajawahi kuona mwisho kama ule. Makofi hayakatiki, miluzi haikatiki. Nasra alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi nayo ikakaa kimya, haina haraka na mtu.

Video ilisambaa siku hiyohiyo. Wale wazee waliwahi, lakini simu ziliwahi kabla yao, na kipande kifupi tu kinatosha kwa walimwengu. Siku ya pili, Nasra alipita stendi ya Msamvu akakuta madereva wa bodaboda, mibaba mizima, wanaiga ile ngoma na kucheka mpaka wanashikana mabega. Mmoja alimtambua. "Dada, tupatie kidogo!" Alifunika uso kwa mtandio akatembea mbio. Aibu ilimshika mwilini, akawa hali akashiba, hawezi hata kujitazama kwenye kioo.

Baada ya wiki moja akaenda Bigwa. Bibi Catherine alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Majani mazuri upande huu, mabovu upande ule.

"Shikamoo, mama."

Kwetu mzee anaweza kukutukana, anaweza hata kukutandika fimbo, na bado wewe ni wake. Akikunyima marahaba, ujue umetoka mkononi. Nasra alipiga magoti pale chini.

"Nina mwali ndani," Bibi Catherine alisema hatimaye, anasema na mchicha. "Maimuna, mtoto wa Abeid. Jana nimefika kwenye ile ngoma. Nimeanza tu, kanicheka. Kaniambia, 'Bibi, hii mbona nimeshaiona kwenye simu ya baba?'" Mikono yake ikasimama. "Simu ya baba yake. Mwanangu wa kumzaa kaiona."

"Mama, nitakwenda redioni. Nitasema mbele ya watu wote kwamba nimekosa."

"Utasema umekosa nini?"

"Kwamba ile ngoma ni ya..." Nasra akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Ehee," alisema Bibi Catherine. "Saa hizi wanadhani ni mauno ya jukwaani tu. Ukiwaeleza ni nini, ndiyo utakuwa umeitoa kabisa. Nenda nalo hilo. Likuchome humohumo ndani."

Akaenda nalo. Wiki haijaisha, Abdulmajid akapiga simu, furaha inamtoka puani. Wanaitwa Dar es Salaam, ukumbi mkubwa, wageni wa heshima! "Na ule mwisho uje nao, na wale kina mama na kanga zao!"

"Siichezi tena," Nasra alisema.

"Huichezi kwa nini?"

Angesema nini? Abdulmajid alibembeleza, akaapiza, mwisho akamwambia ameota mapembe, sifa zimemlevya, na mjini pale hatapata tena jukwaa. Nasra akajibu, "Sawa, kaka." Kwa hiyo ukisikia huko mitaani kwamba Nasra anaringa, neno lilianzia hapo, na yeye amelipokea. Kati ya majina yote anayostahili, hilo la kuringa ndilo jepesi.

Mwezi uliofuata Maimuna akatolewa. Nasra hakualikwa, wala hakukatazwa. Alikwenda. Ngoma zilikuwa zinalia, wanaume wamekaa uwanjani na watoto wadogo wanakula ubwabwa, na kina mama wanaingia ndani mmoja mmoja kwa ajili ya yale ya mwisho. Nasra alikuwa na haki ya kuingia. Alifundishwa, siku tatu, juu ya mkeka wa nyumba hiyohiyo. Alifika mpaka hatua tano kutoka mlangoni, akasimama. Akarudi akakaa juu ya tofali, upande wa wanaume.

Mama wa mwisho akaingia. Bibi Catherine akatokea kufunga, akatupa jicho uwanjani, likamkuta Nasra pale juu ya tofali. Nasra alisimama. Sauti ilitoka kidogo sana.

"Shikamoo, mama."

Yule mzee alikuwa ameshaushika mlango.

"Marahaba," alisema. Kisha akaufunga mlango, na Nasra akasikia komeo likiingia.