Vyura wa Bwana White

Chura wa tatu alikuwa na mstari. Selpher alimgeuzia dirishani juu ya kiganja alichokilowesha maji, akauona ukianzia mdomoni na kushuka ubavuni, mweupe na mwembamba kama uzi wa kushonea. Akamtia kwenye ndoo ya kulia, akaifunika kwa neti, kisha akaandika katika daftari lake: mstari upo, pua imechongoka, mwili mwembamba.

"Na huyo ni mweupe?" aliuliza Mzee Wahome, aliyesimama nyuma yake tangu saa nane.

"Huyo ni wa kijani, mzee."

"Na yule wa ndoo ya kushoto?"

"Naye ni wa kijani."

"Mama, mimi nilinunua vyura weupe. Kumi. Naona vyura wanane, na wote ni rangi ya sukuma wiki. Weupe wako wapi?"

Jibu lilikuwa na aibu ya Selpher ndani. Yeye ndiye aliyeuza samaki wa mapambo na vyura wa miti katika duka la Phares kule Kariobangi, na yeye ndiye aliyeandika kibandiko. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka na madaftari manne, na siku alipokutana na jina la kigeni la chura huyu alilitafsiri kwa moyo mkunjufu: White, yaani mweupe. Akaandika CHURA MWEUPE KUTOKA AUSTRALIA, akakibandika kwenye kioo, akajipongeza. Wiki mbili baadaye alisoma ukurasa wa pili wa maelezo, akaona kosa lake.

Kufikia hapo Mzee Wahome alikuwa amekwisha kununua, kwa simu, bila kuona. Na hakununua tu. Alitangaza. Kesho watu wa akina Mulongo walikuwa wanakuja hapa Komarock kumposa binti yake Jacky, na katika mazungumzo ya maandalizi mzee alikuwa amemwambia Mulongo mkubwa, fundi wa viwandani aliyestaafu, kwamba sebuleni kwake ana vyura weupe kama maziwa. Inasemekana Mulongo alijibu, "Kwetu tulikuwa na wa kijani tu. Wa mtoni. Walikuwa wanatosha."

Tangu siku hiyo Mzee Wahome hakulala vizuri.

Phares naye alikuwa amempa Selpher maneno ya kubeba asubuhi ile: "Nenda ukamtulize. Lakini vyura wakirudi dukani, wewe usirudi."

Akamwinua wa nne. Hana mstari, kichwa cha mviringo, ngozi imejikunja juu ya sikio kama kope la mtu aliyeshiba. Kushoto. Wa tano alikuwa na mstari. Kulia. Katika tanki la kioo walibaki wadogo wawili na yule mkubwa, jike zito lililokaa juu ya tawi la plastiki na macho yaliyofumbwa nusu, kama mwenyekiti wa kamati baada ya chakula cha mchana.

"Mzee, hao wawili waliopotea. Mliwatafuta?"

"Tuliinua hata kochi. Mke wangu anasema wametoroka."

"Hawakutoroka." Selpher alimtazama yule jike. "Wako hapa hapa tankini."

Mzee Wahome aliinama, akachungulia chini ya majani ya plastiki, akazunguka upande wa pili. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alikaa kwenye kochi.

"Anakula wenzake?"

"Si wenzake, ndiyo shida. Phares alikuwa na vyura wachache wa aina hii, akajazia na wengine waliokuwa kwenye kioo cha jirani. Wote huitwa chura wa kijani. Huyu wa mstari hutoka Amerika, na hata akizeeka atabaki mdogo. Huyu mkubwa akiamka jioni haulizi mtu ametoka wapi. Ndiyo maana nawatenga kabla jua halijazama."

Simu yake ikalia. Alikuwa Phares, na sauti yake ilijaa sebule nzima.

"Selpher, niaje? Umemalizana na huyo buda?"

"Anataka weupe."

"Sasa si una ile poda ya kalsiamu tunapaka nyenje wa kulisha? Wapake hao vyura. Kidogo tu mgongoni. Wageni wakienda, waoshwe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, dada!"

Mzee Wahome alikuwa ameinua kichwa. Usoni mwake palionekana tumaini la kweli kabisa.

"Inawezekana?" alinong'ona.

"Chura hunywa maji kwa ngozi, mzee. Ukimpaka poda, kesho wageni watamkuta amelala chali."

"Lakini mweupe," alisema Phares ndani ya simu.

Selpher akaikata. Hakuwa mtu wa kukata simu. Akanawa upya, akasema lile alilokuja nalo kutoka Kariobangi.

"Mzee, kosa ni langu. White si rangi. Ni jina la mtu. Ni mzungu wa zamani aliyemwandika chura huyu kitabuni kwanza, basi akaitwa chura wa White. Mimi nikaandika mweupe. Ni kama mtu aseme mbuzi wa Wahome. Haimaanishi mbuzi anafanana na Wahome."

"Kuna mmoja alifanana," ilisema sauti ya Njoki, mke wa mzee, kutoka jikoni alikokuwa akimenya viazi vya kesho. "Mpaka ndevu."

Mzee Wahome hakucheka. Selpher aliona midomo yake ikisogea bila sauti, akadhani sasa atawataja wanasheria. Akaanza kuhesabu ni akina nani angeweza kuwaomba kazi Eastleigh.

"Mzungu?" aliuliza mzee hatimaye.

"Ndiyo."

"Hawa vyura ni wa mzungu?"

"Kwa jina tu, mzee."

"Bwana White." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Yuko hai?"

"Alikufa zamani sana."

"Basi hatawadai." Alisimama, akavuta suruali juu. "Mama, ungesema hivyo tangu mwanzo! Vyura weupe hata Mulongo anaweza kupaka chokaa. Lakini vyura wa Bwana White! Andika. Herufi kubwa. VYURA WA BWANA WHITE. Na hao wengine ni wa Amerika, si ndiyo umesema? Andika pia. Njoki! Tuna Australia na Amerika nyumba moja!"

"Waambie wavue viatu," alisema Njoki.

Selpher aliandika vibandiko viwili kwa mwandiko wake wa taratibu. Safari hii kila neno lilikuwa kweli, na ilimshangaza kidogo kuona ukweli ukinunuliwa haraka kuliko uongo, mradi una jina la mzungu. Akasisitiza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: mataifa hayo mawili hayatakaa tanki moja. Mzee alilalamika kwamba meza ni ndogo. Selpher akaisogeza meza ya pili mwenyewe, akaiweka juu yake ndoo ya wale wa Amerika.

Walibaki wale wadogo wawili. Aliwainua mmoja mmoja, akawageuza, akawageuza tena. Hawana mstari, lakini wa Amerika wengine huzaliwa bila mstari. Kichwa si cha mviringo wala hakijachongoka. Wembamba, ila huenda ni njaa.

"Hao ni wa wapi?" Mzee Wahome alikuwa ameshika kalamu tayari. "Tuandike Ulaya?"

"Bado sijawajua."

"Wageni wanafika saa tano."

"Nitakuja saa mbili. Wakila usiku huu, asubuhi nitaona kama ngozi ya juu ya sikio inajikunja."

Hakuweza kuwabeba. Wakivuka mlango wa duka, Phares angesema wamerudi. Kwa hiyo aliwatia katika mkebe mtupu wa siagi, akatoboa kifuniko, akaweka kitambaa chenye maji na nyenje wanne, akaupeleka jikoni.

Njoki aliutazama mkebe, kisha akazitazama sufuria za wageni zilizopangwa sakafuni.

"Selpher wangu, kesho humu kutakuwa na wanawake kumi na wawili wanapika. Andika kitu."

Selpher alibandika karatasi juu ya kifuniko. Mahali pa jina akapaacha wazi. Chini yake akaandika: SI SIAGI.