Goulven Alipopita Kwao

Mume wangu Goulven Le Dréau alikuwa mtu asiyetulia. Hata mezani miguu yake ilichezacheza kama bado anapiga pedeli, mpaka mama yake akimaka, "Mwanangu, supu inamwagika!"

Katika miaka hiyo ya hamsini alikuwa msaidizi wa Castaing, nyota wa timu yao ya mbio za baiskeli. Castaing akishikwa na kiu, Goulven anarudi nyuma kumletea maji. Castaing akipata pancha, Goulven anachomoa gurudumu lake na kumpa, kisha anabaki kando ya barabara akitukanana na ng'ombe. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Julai moja mashindano yalipita kijijini kwetu, Brittany, magharibi mwa Ufaransa. Waendesha baiskeli wana desturi yao: mwenzao akikaribia kwao, kundi humwacha atangulie akawabusu ndugu zake, kisha humkuta hapo wakaendelea pamoja. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mikate na chupa ya maziwa mgando. Akatokea peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Akanibusu, akapiga mafunda mawili, akageuka kutazama barabara. Hapakuwa na mtu.

"Soazig, nisukume."

"We! Si wamekuruhusu kusalimia tu?"

"Najua. Nisukume."

"Castaing atakuua."

"Aniue, lakini anikamate kwanza."

"Mwacheni ale!" mama mkwe akapiga kelele, chapati za ngano nyeusi mkononi.

Sijui nini kiliniingia. Nikamsukuma mgongoni kwa mikono miwili, nikakimbia naye mpaka kiatu kikanitoka.

Tulijazana baa kusikiliza redio. Yuko dakika tano mbele. Tatu. Moja. Waliokuwa wakimfukuza kwa nguvu zote ni timu yake mwenyewe. Walimnasa mstari wa mwisho ukionekana kabisa. Aliniambia baadaye kwamba Castaing alimpita akimtupia neno: "Mwizi wa mabusu wee!"

Jioni hiyohiyo timu ilimfukuza, na nyingine zote zikamfungia mlango. Tangu hapo akawa anashindana Jumapili kwenye sherehe za vijiji, ambako mshindi huzawadiwa paja la nguruwe. Mara ashinde, mara aanguke.

Siku moja nikimfunga bendeji kwenye kiwiko, nikamuuliza, "Goulven, hujuti?"

"Kule Plouvennec wanashindana lini?" akasema. Kabla sijamaliza kufunga fundo, alishasimama.